Barua kwa mwanangu aliye chuoni Tunguu, Unguja

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Uchumaji umeanza, na nyumba nzima inanukia karafuu.

Uliponiambia kwenye simu kwamba moyo unakudunda kila ukifikiria mitihani, hata unataka kuacha chuo, sikutaka kukujibu papo kwa papo.

Si kila msongo wa mawazo ni maradhi. Hans Selye, daktari aliyefanya kazi Montreal huko Kanada, aliandika mwaka 1936 jinsi mwili unavyojihami ukibanwa. Baadaye akatenganisha msongo unaojenga na ule unaobomoa. Likikukabili jambo, mwili unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, na homoni nyingine, kotisoli, inaongeza sukari kwenye damu upate nguvu. Ule mdundo wa mlangoni mwa chumba cha mtihani ni mwili unajiweka tayari. Usiuogope.

Unakumbuka mvua inavyotukuta karafuu ziko juani? Huyu anakunja jamvi, yule anakimbia na gunia, bibi yako anapiga kelele toka barazani. Tunatweta, mikono inatutetemeka, lakini karafuu zinaokoka na usiku kila mtu analala fofofo. Msongo ule una mwisho wake.

Ninaouhofia mimi ni usiopita. Ulisema unaamka saa nane za usiku hata siku zisizo na mtihani, na chakula hakipiti. Hilo limeniuma kuliko mtihani wenyewe. Kotisoli ikikaa juu wiki baada ya wiki, usingizi unaharibika, presha inaweza kupanda, kinga inashuka, na unachokesha kukisoma hakikai kichwani. Tena nahisi mzigo wenyewe si masomo. Ni ile ada, na maneno ya ami yako kwamba wewe ndiye tegemeo letu. Ada niachie mimi na baba'ko. Si yako hiyo.

Mitihani kaifanye. Ila wiki hii hii kamuone mshauri wa wanafunzi, wala usione haya. Kusema yaliyo moyoni si upungufu wa imani, na dua nakuombea kila sala. Mitihani ikisha na usingizi bado hauji, nitapanda boti nije, twende hospitali pamoja.

Nijibu leo: jana ulilala muda gani, na umekula nini?

Mama'ko