Yah: Malalamiko ya Kumfunga Baba Yetu Kitandani, na Madai ya Amana Yetu

Cheyo,
Tabora Mjini.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Matunzo ya Wazee,
Tabora.

Ndugu Mkurugenzi,

Naandika kwa niaba yangu na ya wadogo zangu na kaka yetu, kuhusu baba yetu aliyekaa kwenye kituo chenu tangu baada ya mavuno ya mwaka jana hadi tulipomtoa mwezi uliopita. Meneja wa kituo nimeshaongea naye uso kwa uso na kwa simu. Jibu lake la mwisho lilikuwa ujumbe mfupi kwamba suala hili limekwisha. Kwetu halijaisha, maana baba yetu alifungwa mikono kwa vipande vya shuka kwenye vyuma vya kitanda, na hadi leo hakuna aliyetuambia nani alitoa amri hiyo.

Mtanielewa vizuri mkijua tulivyofika kwenu. Baba ana miaka 79. Alikuwa mtumishi wa reli, akaanzia chini hadi akawa stesheni masta kwenye njia ya Kigoma, akastaafu kabla reli haijakabidhiwa mwekezaji mwaka 2007. Mama alipofariki, kumbukumbu ikaanza kumtoka. Ya jana hayajui, ila vituo anavyo vyote kichwani, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza hadi Kigoma, na ukimkosea mfuatano anakukemea. Mchana ni mtu mpole wa kukaa chini ya mwembe. Jua likizama ndipo anachangamka, anaulizia sare, anataka kwenda kazini. Daktari alitueleza kwamba wengi wenye ugonjwa wa kusahau huchafukwa hivyo jioni, na kubishana nao hakusaidii. Anatakiwa mtu wa kumsikiliza, ampe chai, amrudishe kitandani taratibu.

Tulijaribu nyumbani. Dada wa kazi wa kwanza aliondoka baada ya baba kumgongea saa nane usiku na kumwamuru atoke nje akapeperushe bendera ya kijani. (Sisi tulicheka. Binti wa watu hakucheka, na simlaumu.) Kaka yetu yuko Dar es Salaam, amepanga vyumba viwili ghorofani. Mdogo wetu yuko Mwanza kwenye biashara ya samaki. Mimi nafundisha Urambo na kurudi mjini mwisho wa wiki. Makazi ya wazee ya serikali hatukuyafikiria, kwa kuwa yale yamewekwa kwa wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na sisi tupo na tunapokea mishahara.

Kikao cha ukoo hakikuwa chepesi. Shangazi yetu aliuliza mbele ya watu wote kama kaka yake alizaa watoto au alizaa wapangaji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, lakini majirani zetu hawakuhitaji kuisoma sera ili watusute. Tulikubali kusutwa kwa sababu ya jambo moja, nalo ni usiku. Mchana tungeweza kupangana. Mtu wa kukesha na baba usiku kucha, akiwa macho na mwenye ujuzi, hatukuwa naye, na ninyi mlisema mnaye.

Meneja alitutembeza. Tuliona vigae visivyoteleza, vyuma vya kushikia chooni, bustani iliyofagiliwa. Mimi nilimuuliza swali moja tu, usiku anakesha nani? Akajibu bila kusita kwamba anakesha muuguzi mmoja na wahudumu wawili, hawalali, na getini kuna mlinzi. Nikaomba iandikwe. Imeandikwa kwenye kifungu cha 7 cha mkataba. Tukalipa amana ya Sh 600,000 na ada ya Sh 450,000 kwa mwezi, fedha ambazo kwa familia yetu ni za kuchangishana na kukumbushana kwenye kundi la simu kila tarehe 25.

Mambo madogo nayapita. Makande kwa mzee asiye na magego, shati la mwenzake mgongoni, simu ya ofisi isiyopokelewa Jumapili, hayo tungeyavumilia. Tena nisiwe mnyimi wa fadhila, mhudumu wenu wa zamu ya asubuhi, yule mama anayemwosha baba huku akimwitikia habari za treni, anajua kazi yake kuliko wote waliomzidi cheo. Kama mshahara wake ni ule niliousikia, nalo hilo ni lalamiko, ingawa si langu kulileta.

Nianze na dawa, kwa sababu huko ndiko yalikoanzia mengine yote.

Baba anatumia vidonge vya presha vya aina mbili, na kimojawapo ni kile cha kupunguza maji mwilini. Daktari aliandika kwa kalamu juu ya boksi neno "asubuhi", akalipigia mstari. Kidonge kile humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara kwa saa kadhaa. Ukimpa mzee jioni, umemwamsha usiku, na mzee aliyeamka gizani ni mzee wa kuanguka. Daftari lenu la dawa, ambalo nimelipiga picha, linaonyesha kidonge hicho kimetolewa saa 12 jioni, ukurasa baada ya ukurasa, sahihi ileile na wino uleule. Siku niliyopiga picha ilikuwa Alhamisi. Sahihi zilikuwa zimeshawekwa hadi Jumapili.

Nilipouliza, muuguzi alisema asubuhi kuna kazi nyingi, kwa hiyo dawa za wazee wote hutolewa jioni kwa pamoja ili zisisahaulike. Nikamwomba abadilishe. Akasema atabadilisha.

Usiku wa kuamkia Jumapili iliyofuata, baba aliamka kwenda kujisaidia na hakuna aliyemsikia. Muuguzi wa kifungu cha 7 hakuwepo kazini kabisa. Wale wahudumu wawili siku hiyo alikuwa mmoja, naye alikuwa amelala stoo kwenye magodoro ya akiba, hayo ni maelezo yake mwenyewe mbele ya meneja. Mlinzi alikuwa amevuka barabara kunywa kahawa. Baba alitoka getini na kandambili moja, akafuata honi ya treni hadi stesheni. Wachukuzi wa mizigo walimkuta akiwadai abiria tiketi. Mmoja wao, mtu mzima aliyemjua tangu enzi za kazi, alimvisha koti lake akampigia binamu yetu, na binamu akamleta kwangu.

Saa 12 na nusu asubuhi nikapiga simu kituoni, nikauliza baba ameamkaje. Nikajibiwa kwamba babu amelala vizuri na ameshakunywa uji. Naomba msome tena sentensi hiyo, Ndugu Mkurugenzi. Wakati naambiwa hivyo, baba alikuwa sebuleni kwangu, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, natoa changarawe kwenye kisigino.

Meneja alikuja nyumbani siku hiyohiyo, akaomba radhi, akaahidi kufuli jipya la geti na mtu wa pili wa usiku. Tukamrudisha baba kwa ahadi hiyo. Kufuli lililetwa. Mtu wa pili hakuletwa.

Mlichokifanya badala yake tulikigundua kwa sababu shangazi yetu hafuati ratiba za kutembelea wagonjwa. Alifika alfajiri na mfuko wa matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), mhudumu akamfungulia kwa mazoea, akaingia moja kwa moja chumbani. Alimkuta ndugu yake chali, mikono imefungwa huku na huku kwa vipande vya shuka, pampasi imelowa hadi godoro. Baba alimwambia kwa Kinyamwezi kwamba amekamatwa na hajui kosa lake. Mgongoni chini, kwenye kifandugu, ngozi ilikuwa imeshachubuka, upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, kingo nyeusi.

Muuguzi aliyemsafisha hospitalini hakuhitaji kuuliza maswali mengi. Mtu akilala mkao mmoja, mfupa na godoro huibana ngozi hadi damu isipite, na nyama ile hufa. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Baba anaweza kujigeuza. Anaweza kutembea hadi stesheni! Ninyi ndio mliomfanya asiweze, ili mtu mmoja mliyemwacha na wazee wote apate usingizi.

Tulimtoa siku hiyo. Meneja alisema baba ni msumbufu na kwamba alifungwa "kwa usalama wake". Mkataba hautaji popote kumfunga mzee, hatukuulizwa, hatukusaini, na hakuna daktari aliyeandika hivyo. Baada ya hapo ndipo ikaja ile ankara. Kampuni yenu inatudai Sh 120,000 kwa "uangalizi maalumu wa usiku" wa mwezi ule. Nimeigeuza karatasi hiyo mbele na nyuma nikitafuta aibu. Uangalizi wa usiku ndio tulioununua siku ya kwanza, umo ndani ya ada, kifungu cha 7. Mmeuza kitu kimoja mara mbili na hamkukitoa hata mara moja.

Amana nayo mmeikatalia kwa maelezo kwamba hatukutoa taarifa ya siku 30 kabla ya kuondoka, kwa mujibu wa kifungu cha 12. Meneja alinisomea sentensi ya kwanza ya kifungu hicho akaishia hapo. Ya pili inasema sharti la taarifa haliwahusu wanaoondoka kwa sababu usalama wa mzee umekuwa hatarini. Kusoma ni kazi yangu, nimesoma yote.

Tangu habari zisambae, nimezungumza na familia nyingine zenye wazee kituoni kwenu, mmoja wao mkulima wa tumbaku wa Urambo ambaye mama yake yuko wodi ya wanawake. Wengi wanajua kuwa usiku hakuna mtu. Wananyamaza kwa sababu wanaogopa mzee wao atalipiziwa, na kwa sababu mjini hapa hawana pengine pa kumpeleka. Meneja anaujua woga huo. Mimi sina tena mtu ndani, kwa hiyo naweza kusema kwa sauti.

Tunachotaka ni hiki. Turudishiwe Sh 600,000 za amana yote, na ankara ya Sh 120,000 ifutwe kwa maandishi. Tulipwe gharama za dawa na vifaa vya kusafishia kidonda, risiti nimeambatisha, bado zinaongezeka maana kidonda hakijafunga. Tupewe nakala ya daftari la dawa na la zamu za usiku kwa muda wote aliokaa baba, kabla hayajaandikwa upya. Tuambiwe kwa maandishi nani aliagiza afungwe na ni wazee gani wengine wamefungwa, na familia zao zijulishwe na ninyi wenyewe. La mwisho si la fedha na silitolei punguzo. Muuguzi wa usiku awepo, kuanzia sasa, kwa ajili ya waliobaki. Nitapita kuangalia, na shangazi atapita saa asizotarajiwa.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka jalada lote Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma anayouziwa, na suala la kumfunga mzee nitalifikisha polisi. Nakala ya barua hii Afisa Ustawi wa Jamii anaipata leo, simsubirishi siku 14.

Mtu wenu asije nyumbani na maneno ya kuombana radhi kindugu, wala asipitie kwa wazee wa mtaa kututuliza. Jibu lije kwa maandishi, limesainiwa na ninyi, si na meneja.

Kuna vitu vya baba vimebaki chumbani: redio ndogo, blanketi la bluu na godoro la hewa tulilonunua wenyewe. Binamu yetu atavifuata Jumamosi saa nne asubuhi. Avikute getini.

Wenu,

Binti mkubwa, kwa niaba ya familia.

Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii, Halmashauri ya Manispaa ya Tabora.

Viambatisho: mkataba, picha za daftari la dawa, picha za kidonda, ankara ya Sh 120,000, risiti za hospitali.