Malalamiko kuhusu kikomo cha jumbe 100 kwa siku mlichotuficha kwenye usajili wa kibinafsi

Kisumu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: JUMBE 63 ZA MSIBA AMBAZO PROGRAMU YENU HAIKUTUMA

Kwa heshima, nawaandikia kama katibu wa chama cha kufaana chenye wanachama 163, wengi wetu hapa Kisumu, wengine Nakuru, na wachache Kakamega na Busia. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Nitawaeleza yalichotufanyia.

Alhamisi jioni nilijaza fomu ya msiba kama nilivyozoea. Mtiririko wetu wa kazi, yaani hatua tulizoipangia programu yenu izifanye yenyewe, huisoma fomu hiyo, huchukua namba za wanachama kwenye jedwali, kisha humpelekea kila mmoja ujumbe wa simu: mazishi ni lini na wapi, basi linaondoka saa ngapi, mchango wa Sh500 unalipwa wapi. Skrini ikanionyesha alama ya kijani, nikaenda kulala nikijua kazi inaendelea. Ulipofika ujumbe wa 100, programu ikasimama. Haikunipigia kengele wala kuniandikia neno.

Orodha yetu imepangwa kwa alfabeti. Yeyote aliyeishi Nyanza hata mwezi mmoja anajua majina yanayoanza kwa O ni mangapi huku. Kisu chenu kiliwaangukia hao. Kina Achieng, Kamau na Njoroge walipata ujumbe. Kina Odhiambo, Okoth na Otieno, hadi Wafula na Wanjala mwisho wa orodha, hawakupata kitu. Marehemu mwenyewe alikuwa wa O. Waliokosa ujumbe ni wa ukoo wake, watu aliosoma nao, watu waliopaswa kushika jeneza lake. Habari za kifo walikuwa nazo, lakini familia ilikuwa imeyasogeza mazishi mapema kwa wiki moja, na tarehe hiyo mpya ndiyo iliyokuwa ndani ya ujumbe.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi basi la viti 51 liliondoka Kisumu na watu 19. Tulipofika bomani mjane alilitazama basi, akanitazama mimi, akaniuliza: "Mwalimu, nimewakosea nini watu wa chama?" Nimefundisha miaka 31. Sijawahi kukosa jibu namna hiyo.

Hapo ndipo nilipowapigia. Nilisubiri dakika 38, kwa salio langu, nikisikiliza muziki wenu kando ya hema la wafiwa. Mhudumu wenu alipopokea nilimweleza kwa utaratibu: wanachama 163, wengi ujumbe haukuwafikia, tuko mazishini, anisaidie walau niwapate wa Nakuru. Akanijibu: "Mzee, hiyo ni akaunti ya mtu binafsi. Kikomo ni 100 kwa siku. Kama ni shughuli ya maana mngenunua ya kampuni. Na kwani hamna simu za kupigiana?" Kisha akakata.

Sikatai kikomo. Najua seva zina gharama na kuna watu hutumia vifaa kama hivi kusambaza utapeli. Hata matatu imeandikwa ubavuni idadi ya abiria. Lakini imeandikwa nje, abiria akaisoma kabla hajapanda. Kwenye ukurasa wenu wa bei, kifurushi cha kibinafsi kina neno "otomesheni" kwa herufi kubwa na hakuna namba yoyote kando yake. Tulikuwa wanachama 88 mwaka jana, kabla ya tawi la Nakuru kujiunga, na kwa misiba yote ya mwaka huo hatukugusa kikomo hicho. Vikumbusho vya kila mwezi tulivituma tawi baada ya tawi, siku tofauti. Ningejuaje? Mtiririko ukikwama, kompyuta yenu inajua sekunde ile ile. Mimi niliarifiwa Jumatatu, ndani ya muhtasari wa wiki, mstari wa nne, chini ya tangazo la kifurushi cha bei ya juu. Mtu alikuwa amezikwa siku mbili.

Narudi kwenye simu ile kwa sababu sikuisema yote. Haikuwa baina yangu na mhudumu wenu peke yetu. Ndugu mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa ameshasikia minong'ono kwamba katibu alichagua wa kuwaambia, na mimi, nikitaka asikie ukweli kwa masikio yake, nilikuwa nimeweka spika. Kwa hiyo maneno "kama ni shughuli ya maana" aliyasikia yeye, mzee wa zaidi ya miaka 70, mita chache kutoka kwenye jeneza la mdogo wake. "Kwani hamna simu za kupigiana?" aliyasikia pia, pamoja na akina mama waliokuwa wakipakua chakula. Hakusema neno. Alivaa kofia yake akarudi hemani. Na kabla sijaiweka simu mfukoni ukaingia ujumbe wenu: tatizo langu limetatuliwa, niwape alama kati ya 1 na 5. Kutuma ujumbe huo hamkushindwa.

Jumanne nilijaribu kununua hicho kifurushi cha kampuni, maana wazee waliniambia tusibaki bila mfumo. Nikaelezwa kuwa hakifunguliwi kwa anwani ya kawaida ya baruapepe, ni lazima tuwe na kikoa chetu wenyewe, yaani jina letu la mtandaoni. Nikaelezwa tena kuwa mitiririko niliyoijenga kwenye akaunti ya kibinafsi haihamishwi, itabidi niijenge yote upya. Chama cha walimu wastaafu na wauza samaki kinatafutia wapi kikoa? Na fomu zenye historia ya misiba yetu yote zibaki kwenu?

Ninachodai ni hiki. Mturudishie ada ya miezi 19, Sh1,300 kila mwezi, yaani Sh24,700. Mtuombe radhi kwa maandishi. Muweke namba ya kikomo kwenye ukurasa wa bei, kando ya neno otomesheni, na onyo litoke kabla ya kikomo kufika, siyo baada ya wiki.

Na mlipe pia Sh31,500, ambayo ni michango ya wale 63, kwa sababu mwenye hema na viti alitaka pesa zake siku ile ile na mjane alikopa ili kumlipa. Mwanzoni sikukusudia kudai hili, lakini deni hilo hakulitafuta yeye.

Radhi isiandikwe kwangu. Iandikwe kwa mjane na kwa shemeji yake, yule ndugu mkubwa wa marehemu, ikitaja kwamba katibu alijaza fomu kwa wanachama wote na kwamba ni programu yenu iliyowaacha wengine. Nitaisoma mbele ya mkutano mkuu. Nakaa na watu hawa, nazikwa nao, na hadi leo kuna nyumba ambazo nikiingia mazungumzo hukatika.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma aliyolipia, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ipo pia. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na mtu anaweza kufika mwenyewe bila wakili. Nimeshatunza muhtasari wenu wa Jumatatu, picha ya ukurasa wa bei na rekodi ya muda wa simu ile.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nimeisoma barua hii upya nikafika pale kwenye spika, na sasa nawapa siku 7 tangu mtakapoipokea. Siku ya nane nitakuwa kwenye masjala ya mahakama, na shemeji wa mjane ameniambia atakuja nami.

Wako mwaminifu,

Katibu wa chama

Nakala: Mwenyekiti, Mweka hazina, Familia ya marehemu