Mmetuuzia tiketi za "hadi juu kabisa" CN Tower, tukaishia mita 346

Wahusika, habari zenu.

Naandika kuhusu tiketi za kupanda ule mnara wa CN Tower nilizonunua kwenu, nyie mnaojitangaza kwa Kiswahili kwa sisi tunaoishi hapa Toronto. Meseji yenu ya WhatsApp ninayo mpaka sasa, imeandikwa "hadi juu kabisa", na kabla sijatuma hela nikawauliza tena, juu kabisa ndo SkyPod, kile chumba cha kutazamia cha juu zaidi? Mkajibu ndiyo dada, usiwe na wasiwasi. Nikalipa bei ya juu kwa ajili hiyo.

Hapo mita 346, kwenye ukumbi mkuu wa kutazamia, sina neno, kulikuwa kweupe, Ziwa Ontario lote liko mbele yako, vindege vya ule uwanja wa ndege wa kisiwani unaviona vinatua huko chini. Ila SkyPod iko mita 447 na inapandiwa lifti nyingine, tumefika kwenye hiyo lifti kijana wa pale akaskani simu yangu, taa nyekundu, akaskani tena, nyekundu, akanieleza kwa upole kabisa kwamba hizi ni tiketi za kawaida haziendi huko. Mama yangu amesimama pembeni anatusikiliza.

Mama alikuwa opereta wa simu Tanga miaka mingi, mambo ya mitambo anayapenda sana, yeye ndo alinisimulia mimi kwamba mnara ule ulijengwa na shirika la reli, ukafunguliwa 1976, kwa sababu maghorofa ya mjini yalikuwa yanaziba mawimbi ya redio na TV. Alichotaka ni kufika pale chini ya antena basi, wala sio picha za kuposti.

Nikawapigia pale pale, simu ikaita mpaka ikakata. Jioni ndo mnanijibu eti "juu ni juu tu dada, si mji mmeuona". Hilo ndo limeniuma zaidi jamani. Ni mita 100 nzima tofauti, na mnajua fika bei zake hazifanani.

Sasa nataka mnirudishie hela iliyozidi kwa tiketi zote, au mtupe tiketi za SkyPod za kweli kabla mama hajaondoka mwisho wa mwezi. Na lile tangazo lirekebisheni leo, muandike wazi tiketi inaishia wapi, maana kuna wazazi wengine wanakuja kutembelea watoto wao summer hii. Nijibuni kwa maandishi, voisi sitaki.