Kupoteza maneno sio kupoteza akili

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee wagonjwa wa kiharusi, maana inaniuma sana kuona mtu mzima anasemwa mbele yake kama hayupo, eti kwa sababu hawezi kujibu. Ubongo una mikunjo mingi, na kuna mmoja uko chini kwenye sehemu ya mbele, upande wa kushoto, hapo ndo wengi wetu tunapopangia maneno kabla hayajatoka mdomoni. Wataalamu wanaugawa mkunjo huo vipande vitatu, viwili vya nyuma wanaviita eneo la Broca. Huyu Paul Broca alikuwa daktari Mfaransa, mwaka 1861 kule Paris akaletewa mgonjwa anaitwa Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatamka "tan" tu, umuulize chochote ni tan tan, lakini anaelewa na anajibu kwa ishara za mkono. Alipofariki, Broca akautazama ubongo wake akakuta pameharibika hapo hapo. Ubongo wenyewe ulihifadhiwa, na vipimo vya MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani, vya miaka ya karibuni vimeonyesha uharibifu uliingia ndani zaidi, kwa hiyo sio mkunjo peke yake.

Sasa kiharusi kikifanya damu isifike hapo, mtu anataka kusema maji, anayajua kabisa, neno ndo halitoki, na wengine hao hao wanaimba kaswida au wimbo wa kanisani vizuri tu. Jamani muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, halafu msubirini. Na ukurasa wenu wa afya uandike kuhusu mazoezi ya kuongea, wengi hawajui kama yapo.