Fomu za mzee zisijazwe baada ya ajali

Ndugu Mhariri,

Sisi Waafrika Mashariki tunaofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee huku Uingereza tunaijua hofu inayotanda mkaguzi anapopiga hodi. Tangu Aprili 2015, CQC, tume inayosimamia ubora wa huduma, ndiyo inayoongoza kuwashtaki watoa huduma pale mzee anapopata madhara ambayo yangeweza kuepukika. Faini haina kikomo.

Kinachoniuma ni wasimamizi wanaokimbilia kalamu. Mzee kaungua bafuni, na jioni hiyo hiyo mhudumu anaambiwa ajaze fomu ya joto la maji iliyokuwa tupu wiki nzima. Huko ni kughushi, na anayetia saini ni mgeni ambaye viza yake iko mikononi mwa mwajiri huyo!

Sheria imempa mtoa huduma utetezi: athibitishe kwamba alichukua kila hatua iliyostahili. Ushahidi huo huandaliwa kabla ya ajali. Kipimajoto kitumbukizwe kila mzee anapoogeshwa, maji yasizidi nyuzi 44, kipimo kiandikwe papo hapo. Likishatokea la kutokea, familia iambiwe ukweli na iombwe radhi. Sheria inaagiza hivyo, na kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

Mwanasheria aitwe kabla ya mahojiano na CQC. Mhudumu naye apate wakili wake mwenyewe, maana masilahi yake na ya mwajiri yanaweza kugongana.

Mhudumu wa wazee,
Leicester, Uingereza