Hela ya kuonyeshwa chumba imezidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme madalali wa hapa Mtwara. Wiki ya tatu sasa natafuta chumba na sebule, choo ndani: Chuno, Magomeni, hadi Mikindani. Kila mlango nalipia hela ya kuonyeshwa, na mara mbili nimemkuta mpangaji bado anakaanga samaki, hana hata habari ya kuhama. Ukibahatika, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Mshahara wenyewe unaingia mwezi kwa mwezi! Enzi za vuguvugu la gesi tuliambiwa wageni ndio wamepandisha bei. Haya, wengi wameshaondoka. Halmashauri iwasajili madalali, na hela yao walipwe mtu akishakabidhiwa ufunguo.

Msaka chumba,
Mtwara