Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: kabla ya kisima, waulizwe wenye nyasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo na Ustawi wa Mifugo,
Kilimo House, Barabara ya Cathedral,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kiamaiko, ninakouza nyama ya mbuzi. Mtu wa kazi yangu hangojei redio imwambie kwamba ukame umeingia. Huukuta tumboni mwa mbuzi. Mbuzi aliyeshiba figo zake zimezama ndani ya mafuta meupe, huzioni mpaka uyabandue. Kiangazi kikianza kuuma, mafuta hupungua, figo zikachungulia, hatimaye zikabaki uchi kama maharagwe. Uboho ndio huisha mwisho. Mwaka 2022 nilikuwa nikipasua mfupa wa paja nakuta ute mwekundu unaotetemeka, na wateja wananiuliza mbona supu siku hizi haina ladha.

Unakumbuka miaka hiyo. Misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya maana, kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo zaidi ya 2,500,000 wakafa nchini. Wakazi wa Nairobi waliuona ukame kwa ng'ombe waliokuja kula nyasi za kando ya barabara. Sisi wa Isiolo tulitumiwa picha za mizoga kwa simu, asubuhi hata kabla ya chai.

Mvua ni ya Mungu, sikulaumu kwa hiyo. Ninalolileta kwako ni jambo ambalo mtu wa mjini atalishangaa: sehemu nyingine kwetu nyasi ziliisha kwa sababu ya maji.

Sisi Waborana malisho tumeyagawa tangu zamani. Kuna ya wakati wa mvua, kuna ya kiangazi, na kuna ya akiba, ambayo haiguswi mpaka hali iwe mbaya kweli. Wazee wa dedha, yaani wa eneo la malisho, ndio husema lini watu wahame na waende wapi. Wanyama wa maziwa, warra, hubaki karibu na nyumbani. Wasiokamuliwa, fora, vijana huwapeleka mbali. Kisimani yupo aba herega, mpanga zamu. Mgeni hanyimwi maji, ila hafiki tu akanywesha kundi lake kama anayefungua mfereji wa nyumbani kwake.

Malisho ya mvua hayakuwahi kuhitaji askari. Madimbwi yakikauka, kiu yenyewe iliwaondoa mifugo, na nyasi zikapumzika hadi msimu mwingine. Pumziko hilo ndilo kila kitu. Nyasi za kudumu zikiliwa huchipua kwa akiba iliyo mizizini, halafu majani mapya huirudisha akiba ile. Ng'ombe akilirudia chipukizi kabla deni halijalipwa, kisha akalirudia tena, mizizi hupungua mpaka shina likafa. Hata kundi dogo litaua nyasi likikaa mahali pamoja mwaka mzima. Kwa hiyo wataalamu wakija kutuhesabia ng'ombe tu, na kutuambia tupunguze, huwa nawasikiliza kwa sikio moja.

Sasa mtu akaja akachimba kisima katikati ya malisho ya mvua. Sitamtaja. Alikuja kwa nia njema, akiwa na bango na fulana za bure, na utepe ulipokatwa hata mimi nilipiga makofi. Niliporudi kwa Idd miaka minne baadaye, nilitembea karibu nusu saa kutoka kwenye birika la kunyweshea kabla ya kuona shina la nyasi. Udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hupita juu yake yakaenda zake. Zamani dizeli ya jenereta ilikuwa ikiisha, na ardhi angalau ikapumua wiki mbili tatu. Siku hizi pampu ni ya sola, na jua halijawahi kuisha Isiolo. Watu wamejenga, pana duka na msikiti wa mabati, nani atawaambia wahame? Mzee mmoja aliniambia, bila hata kucheka, "Hapa ng'ombe wetu wanakufa wakiwa wameshiba maji."

Najua jibu litakaloandaliwa ofisini: visima ni vya Wizara ya Maji, au vya kaunti, au vya wafadhili. Sawa, lakini ng'ombe ni wako. Ninaomba pasichimbwe kisima chochote katika malisho ya wafugaji kabla wazee wanaosimamia malisho hayo hawajaulizwa na kutia sahihi. Wakisema hapana, iwe hapana. Kwa vile vilivyokwisha kuchimbwa sisemi vifukiwe. Sanduku la pampu litiwe kufuli, ufunguo ukae kwa wazee, nao waamue kifunguliwe mwezi gani. Wenye nyumba pale waachiwe bomba la maji ya kunywa. Birika la ng'ombe ndilo lifungwe.

Sheria haikukatazi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii iliyosajiliwa kuweka masharti ya idadi na aina ya mifugo, na sehemu zipi zilishwe kwa zamu. Tatizo liko kwenye hilo neno "iliyosajiliwa". Maeneo mengi ya wafugaji bado hayajasajiliwa, kwa hiyo mzee akimkataza mtu kuingiza ng'ombe, mtu huyo anakwenda kituo cha polisi, na anayeandikisha taarifa ni mzee. Msukume mwenzako wa Ardhi kwa hili. Nyinyi mnakaa meza moja ya Baraza la Mawaziri.

Na mkija kununua mifugo wakati wa ukame, njooni mapema, figo zikiwa bado zimefunikwa. Mbuzi wa uboho mwekundu hana bei, hata akinunuliwa na serikali.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na orodha za visima huandikwa kabla ya hapo. Yakitajwa malisho ya kwetu, mwambie msaidizi wako ampigie simu aba herega wa hapo kwanza. Apige jioni, ndipo mzee hupanda kichuguu kilicho nyuma ya msikiti, mahali pekee mtandao unaposhika.

Wako mtiifu,
Muuza mbuzi, Kiamaiko